Kibimba Mbili: Historia Fupi ya Majina ya Madhehebu ya Kikristo katika Kiswahili

Katika wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, iko kata iitwayo Kibimba. Ng'ambo ya mpaka, ndani ya Burundi, iko Kibimba nyingine, nayo ndiyo inayotajwa zaidi katika maandishi ya wamisionari, kwa sababu mwaka 1934 Arthur Chilson na jamaa zake, Wamarekani kutoka Kansas, walifungua hapo misheni ya Marafiki. Mahali pawili kuwa na jina moja si ajabu katika nchi ambayo lugha za pande zote mbili za mpaka ni ndugu, na Mhangaza wa Ngara na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Lakini kufanana huko kuliwahi kutuletea kazi, na kazi hiyo ndiyo asili ya makala haya.

Tuliletewa tafsiri ya barua moja ya utambulisho ili tuipitie upya. Barua ya asili ilikuwa ya Kifaransa, imetoka Burundi, na mwenye barua alikuwa kijana aliyekusudia kuoa upande wetu. Mfasiri alikuwa ameandika kwamba kijana huyo ni mshiriki mwema wa "kanisa la kiinjili la rafiki wa Kibimba". Karani aliyeipokea hakuona kosa lolote. Kwake yeye, kama kwa Watanzania walio wengi, kanisa la Kiinjili ni moja tu, yaani lile la Kilutheri; na Kibimba ni moja tu, ile ya kwao. Akauandikia usharika wa Kilutheri akiomba namba ya ubatizo ya bwana huyo. Jibu likaja kwamba jina hilo halimo kitabuni. Basi kijana, ambaye alikuwa amekwisha kutoa mahari na siku ya arusi imetajwa, akaonekana kuwa mtu aliyejitungia Ukristo. Baba wa binti akakataa hata kupokea salamu zake mpaka jambo hilo lieleweke.

Wala hapakuwa na mwongo katika habari hii. Barua ilikuwa ya kweli, karani alifuata utaratibu, na mfasiri alizifahamu lugha zote mbili. Palipokosekana ni katika kujua historia ya maneno machache ambayo kila siku tunayatamka bila kuyafikiri. Tunakusudia hapa kuieleza historia hiyo, si kwa madhehebu yote, bali kwa yale ambayo majina yake yanawasumbua wafasiri, walimu na watumishi wa serikali katika pembe hii ya nchi.

Kwanza tuseme neno juu ya chombo kinachobeba majina hayo, yaani neno lenyewe "dhehebu". Asili yake ni neno la Kiarabu "madhhab", ambalo kwa Waarabu ni umoja, na Waislamu hulitumia kwa njia za sheria kama vile ya Shafii na ya Hanafi. Kiswahili kililipokea, kikalidhania silabi yake ya kwanza kuwa ni kiambishi cha wingi, kikatoa umoja wake, "dhehebu", kama vile "jambo" lilivyo na "mambo" yake. Mwarabu angeweza kucheka, lakini sisi hatuoni sababu ya kuona haya: lugha hai hufanya hivyo. Linalotusikitisha ni kwamba baada ya kujipatia neno zuri kiasi hicho, bado tunaliacha kando tukaandika "dini". Fomu huuliza "Dini", na watu hujibu "Anglikana", "Sabato" au "RC". Mwalimu huandika kwamba mwanafunzi fulani "amebadili dini" hali amehama kutoka Ulutheri kwenda Ukatoliki. Huyo hakubadili dini. Dini yake ni Ukristo jana na leo. Amebadili dhehebu. Katika sensa ya mwaka 1967, ambayo ndiyo ya mwisho kuuliza habari hizo Tanzania, dini ilikuwa jambo la kuhesabiwa. Tangu hapo swali hilo limeondolewa katika sensa, lakini limebaki katika hospitali, shule na mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, na huko ndiko jibu lisilo sahihi linakoumiza.

Nchini Kenya neno "dini" lilipatwa na jambo jingine. Wakati wa ukoloni maofisa wa Kiingereza walilichukua likiwa Kiswahili wakaliingiza katika taarifa zao kwa maana ya kikundi cha kidini kisicho na idhini, kama Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, iliyopigwa marufuku mwaka 1948. Kanisa la mmisionari lilikuwa kanisa. La Mwafrika aliyejitenga lilikuwa dini. Mfasiri anayesoma majalada ya zamani na akumbuke kwamba neno hilo humo ndani si la heshima.

Sasa tuyafikie majina. Katika nchi za maziwa makuu jina la kwanza la Wakristo halikuwa la kanisa lolote bali la kisomo. Wamisionari wa CMS walifika kwa Kabaka Mutesa tarehe 30 Juni 1877, na Mapadri Weupe wakafuata mwezi Februari 1879. Wale waliowaendea, kwa hawa na kwa wale, waliitwa wasomaji, kwa sababu kuingia katika dini na kujifunza herufi kulikuwa jambo moja. Hata leo katika Uganda na kandokando yake kitenzi "kusoma" chaweza kuwa na maana ya kuhudhuria ibada. Lakini wasomaji walipogawanyika, hawakupewa majina ya mafundisho yao. Waliitwa Wafaransa na Waingereza, kwa taifa la walimu wao. Majina hayo yakawa ya vyama, vyama vikawa vya bunduki, na tarehe 24 Januari 1892 Waganda wa Kifaransa na Waganda wa Kiingereza walipigana katika vita vya Mengo, naye Kapteni Lugard akawasaidia wa pili kwa bunduki ya Maxim. Baada ya vita majimbo ya Buganda yaligawanywa kwa kufuata dhehebu, na Wakatoliki wakapewa Buddu, iliyo jirani na Bukoba.

Na tutazame upuuzi wa jina lile lilipovuka mpaka. Mapadri waliohama kutoka Buganda walifungua misioni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, ndani ya nchi iliyokuwa chini ya Wadachi. Wahaya waliobatizwa huko, raia wa Kaisari wa Ujerumani, wakaweza kuitwa Wafaransa na majirani zao wa Buganda! Wakuu wa Kanisa Katoliki wenyewe waliona hatari ya jina hilo. Ndiyo maana mwaka 1895 waliletwa Uganda mapadri wa Mill Hill, Wakatoliki kutoka Uingereza, ili watu waone kwa macho yao kwamba mtu aweza kuwa Mwingereza na Mkatoliki kwa pamoja. Si mara nyingi katika historia shirika zima limevushwa bahari kwa ajili ya kusahihisha msamiati.

Jina "Mapadri Weupe" nalo lina kosa lake. Shirika lao liliundwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, na wanachama wake walivaa kanzu nyeupe kwa kufuata mavazi ya watu wa Afrika ya Kaskazini. Weupe ni wa nguo. Lakini Kiswahili kinaposema "mtu mweupe" hakizungumzii nguo. Kwa hiyo jina lilifasiriwa sawasawa kwa kila neno lake, likatoka na maana nyingine kabisa, na kwa muda wa miaka mia wasomaji wetu wamedhani kwamba shirika hilo lilijiita kwa rangi ya ngozi. Leo, ambapo vijana wengi wanaojiunga nalo ni Waafrika, jina hilo linachekesha zaidi ya kueleza. Jina rasmi ni Wamisionari wa Afrika, nalo litumike; na pale ambapo andiko la zamani linamlazimisha mfasiri, aandike "Mapadri wa Kanzu Nyeupe" mara ya kwanza, kisha aendelee na jina lililozoeleka.

"Mprotestanti" ni neno lenye safari ndefu kuliko hayo. Lilianza mwaka 1529 katika mkutano wa Speyer, Ujerumani, ambapo watawala na miji iliyomfuata Luther ilitoa tamko la kukataa uamuzi wa walio wengi. Kwa Kilatini kitenzi chake kina maana ya kutoa ushuhuda hadharani. Tumeona mahali neno hili likifafanuliwa kwa wanafunzi kuwa ni "wapinzani", na hata "waasi", nasi tunaomba ufafanuzi huo uachwe, kwani ni wa upande mmoja wa ugomvi. Katika Burundi na Rwanda neno limekatwa likawa "abaporoso", na wakimbizi na wafanya biashara wamelivusha hadi masoko ya Ngara, ambako mtu asiyejua huweza kulidhania kuwa jina la kabila.

Lakini kosa kubwa zaidi ni kulitumia kana kwamba ni jina la kanisa. Hakuna Kanisa la Kiprotestanti ambalo mtu wa Ngara aweza kwenda kusali Jumapili. Yako makanisa ya Kianglikana, ya Kilutheri, ya Kipentekoste na mengine. "Protestanti" ni jina la ukoo, si la mtu. Katika Kongo mambo ni tofauti kidogo, kwa maana tangu mwaka 1970 makanisa ya Kiprotestanti yaliunganishwa kisheria chini ya Kanisa la Kristo, na kila moja likaitwa kwa Kifaransa "communauté". Mfasiri wa Tanzania akiandika "jumuiya", msomaji wake atafikiri ni zile jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, za nyumba kumi au ishirini, zilizoenea Afrika ya Mashariki tangu miaka ya 1970. Basi kundi la watu laki kadhaa litakuwa limegeuzwa kuwa majirani wanaosali rozari. Hapo ni heri kuandika "kanisa mwanachama".

Watu wa mpakani, hata hivyo, hawahitaji fomu ili kujuana. Katika Kirundi na Kinyarwanda Mkatoliki husema "Yezu" na Mprotestanti husema "Yesu". Na Luganda ni hivyo hivyo. Kanisa la Wakatoliki kwa Kinyarwanda ni "Kiliziya", la Waprotestanti ni "Itorero". Kwa Kirundi ni "Ekeleziya" na "Ishengero". Herufi moja yatosha kumtambulisha mtu kabla hajaketi. Kiswahili nacho kilikuwa kikielekea njia hiyo hiyo. Mpaka leo Mkatoliki ana misioni, parokia, jimbo, katekista na Misa. Mlutheri ana misheni, usharika, dayosisi, mwinjilisti na ibada. Hatudai kwamba maneno haya yaunganishwe kwa nguvu, kwa kuwa kila moja lina haki yake nyumbani kwake. Tunachodai ni kwamba mfasiri asiyachanganye. Neno "jimbo" ndilo mtego mkubwa kuliko yote. Kwa Mkatoliki ni eneo zima la askofu: Jimbo la Rulenge liliitwa hivyo mwaka 1960, na tangu mwaka 2008 ni Jimbo la Rulenge-Ngara. Kwa Mlutheri jimbo ni sehemu ndani ya dayosisi, na kiongozi wake, mkuu wa jimbo, si askofu bali yuko chini ya askofu. Kwa Mwanglikana eneo la askofu ni dayosisi. Hivyo Murgwanza, ambayo haiko mbali na Rulenge, ni makao ya Dayosisi ya Kagera iliyoundwa mwaka 1985. Kwa mwananchi mpiga kura, jimbo ni la mbunge. Basi anayeandika kwa wilaya ya Ngara habari za "mkuu wa jimbo" bila kutaja kanisa amewaandikia watu wanne barua moja.

Tukija kwa Waanglikana, jina moja linafunika mapokeo mawili. Wale wa UMCA walihamia Unguja mwaka 1864, na kanisa lao kuu likajengwa penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Hao walitumia ubani, walisema Misa, walimwita kasisi wao Padre, na hawakupenda hata kidogo kuitwa Waprotestanti. Kwao Kanisa la Uingereza ni tawi la Kanisa Katoliki, maana katika imani ya mitume nao huungama Kanisa lililo katoliki, yaani la watu wote na mahali pote. Wale wa CMS walikuwa wa mwelekeo mwingine: mahubiri, Biblia, na vazi lisilo na mapambo. Mwaka 1913 maaskofu wa Uganda na Mombasa waliposhiriki ibada na Wapresbiteri na wengine huko Kikuyu, Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki kwa uzushi, na kelele zake zikafika mpaka London. Kagera na Ngara zilipata Uanglikana kutoka kwa Waaustralia wa CMS. Kwa hiyo Mwanglikana wa Murgwanza akienda Masasi au Korogwe, anaweza kuketi nyuma ya kanisa akijiuliza kama hakukosea mlango. Jimbo kuu moja la Tanzania limewaunganisha tangu mwaka 1970, na jina "Mwanglikana" ni sahihi kwa wote wawili. Ila mwandishi wa historia hapaswi kusema "Waprotestanti wa Zanzibar" akimaanisha watu wa Weston, kwa sababu wenyewe wangefufuka kumkanusha.

Kutokana na hayo twaweza kuona kwa nini baadhi ya watu huandika "Kanisa Katoliki la Kirumi" na wengine "Kanisa Katoliki" tu. Wa kwanza wanataka kuacha nafasi kwa Wakristo wengine wanaodai ukatoliki wa ungamo. Wa pili wanalitaja kanisa kwa jina analotumia mwenyewe. Katika mazungumzo na barua za kawaida sisi twashika kanuni ya kumwita mtu jina lake: Baraza la Maaskofu Katoliki halina neno "Rumi" katika jina lake, wala mfasiri hana ruhusa ya kuliongeza. Katika kitabu cha historia kinacholinganisha mapokeo, "la Kirumi" linaweza kuhitajika. Lisilofaa kabisa ni "Waroma" na "Warumi", ambalo ni jina la watu walioandikiwa waraka na Mtume Paulo. Waorthodoksi, ambao wana askofu wao Bukoba chini ya Upatriarka wa Aleksandria, mara kwa mara huandikwa "Wagiriki". Mizizi yao katika nchi hizi haikupandwa na Wagiriki bali na Mganda, Reuben Spartas, aliyejitenga na Waanglikana mwaka 1929 na kukubaliwa na Aleksandria mwaka 1946.

Tumefika kwenye neno lililomkosesha karani wetu. "Kiinjili" ni tafsiri ya neno la Kijerumani "evangelisch", ambalo tangu siku za Luther lina maana ya kanisa la Matengenezo, na kwa Mjerumani wa kawaida ni kinyume cha "Katoliki", basi. Luther mwenyewe hakupenda wafuasi waitwe kwa jina lake. Wamisionari wa Bethel waliofika Bukoba mwaka 1910, wakiongozwa na Ernst Johanssen, waliliita kanisa lao kwa neno hilo. Vita viliwaondoa, katika miaka ya 1920 Wamethodisti kutoka Afrika ya Kusini walilishika kundi hilo kwa muda, kisha wa Bethel wakarudi. Wakristo walikuwa wale wale, wamekaa katika viti vile vile. Kanisa lilipopata kujitawala liliitwa Kanisa la Kiinjili la Buhaya, bila neno "Kilutheri" katika jina. Na askofu wake wa kwanza, Bengt Sundkler, Mswidi, alimwachia nafasi Josiah Kibira mwaka 1964. Mwaka mmoja kabla ya hapo makanisa saba yalikuwa yameungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, lijulikanalo kama KKKT. Kwa ukubwa wa kanisa hilo, neno "Kiinjili" likawa kama mali yake.

Kwa Kifaransa na Kiingereza, lakini, neno hilo hilo lina maana ya pili: Wakristo wanaosisitiza kuongoka kwa mtu binafsi na kuihubiri Injili, wawe wa kanisa lolote. Waanglikana wa CMS ni wa namna hiyo; na Marafiki wa Kansas pia, kwa kuwatofautisha na Marafiki wengine wanaokutana kwa kunyamaza. Barua ya kijana wetu ilikuwa na neno hilo kwa maana ya pili, karani akalisoma kwa ya kwanza. Tunapendekeza "Kiinjili" libaki pale tu linapokuwa sehemu ya jina rasmi, na jina hilo liandikwe zima bila kukatwa. Na mwelekeo huo wa pili uelezwe kwa maneno, kwa mfano "wa mwelekeo wa uamsho na uenezaji wa Injili". Ni refu, lakini halimpotezi mtu.

Karibu na neno hilo liko "mlokole". Limetoka katika Luganda, nalo maana yake ni aliyeokoka. Uamsho wa Afrika ya Mashariki, ambao wengi huanza kuuhesabu tangu mwaka 1929 walipokutana Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church wa misheni ya Gahini, Rwanda, ulienea katika Uganda, Burundi na Tanganyika ya magharibi kwa miaka ya 1930 na 1940. Walokole wa siku zile walikuwa Waanglikana, na katika Buhaya Walutheri, waliobaki ndani ya makanisa yao, wakiungama dhambi hadharani na kuwasumbua kwelikweli wachungaji wao. Siku hizi mjini "mlokole" ni Mpentekoste, au mtu yeyote anayesali kwa sauti. Neno limehama nyumba. Mwanafunzi akikuta katika barua ya mwaka 1945 kwamba walokole wameongezeka mahali fulani, asiandike kuwa Upentekoste ulikuwa umefika. Na tuongeze kwamba neno hili hutumika pia kwa dhihaka. Wenyewe husema "ndugu" au "waliookoka", na mwandishi mwenye adabu atawafuata.

Wasabato wamebahatika: jina lao limekubaliwa na wote, ingawa linataja siku yao tu na kuacha nusu ya pili, yaani tumaini la kurudi kwa Kristo lililo katika "Waadventista". Katika andiko la sheria jina kamili litumike.

Kuna jina moja ambalo kosa lake halikuishia katika kicheko wala arusi iliyocheleweshwa. Maandishi ya Watch Tower, ya Marekani, yaliingia Afrika ya Kati mwanzoni mwa karne ya 20, na katika Kongo ya Wabelgiji wasomaji wake wakaunda vikundi vyao wenyewe visivyokuwa chini ya mzungu yeyote. Neno la kigeni lenye maana ya mnara lilipita katika vinywa vya Waswahili wa Katanga na Kivu likatoka "Kitawala". Sikio la Mswahili lilisikia humo "kutawala", na sikio la afisa wa Kibelgiji likasikia hivyo hivyo. Mwaka 1944 palitokea maasi huko Masisi na Lubutu, kiongozi wake akiwa Bushiri, nayo yalihesabiwa kuwa ya Kitawala. Tangu hapo mtu aliyekutwa na kijitabu cha Mashahidi wa Yehova, ambao hawashiki silaha hata kwa amri ya serikali, aliweza kufungwa au kuhamishwa kama mwasi wa Kitawala, hali Mashahidi wenyewe walikuwa wakisema wazi kwamba hawahusiani na vikundi hivyo. Hatusemi kwamba fonolojia peke yake ilimfunga mtu. Twasema kwamba palikuwa na neno moja kwa watu wa namna mbili, na mwenye mamlaka hakutaka taabu ya kutafuta la pili.

Turudi Kibimba. Marafiki walianza Uingereza katika karne ya 17 kwa mahubiri ya George Fox. Watu wa nje waliwaita kwa Kiingereza "Quakers", yaani watetemekaji, kwa kuwadhihaki. Wenyewe wakajiita Marafiki, na baadaye wakaikubali dhihaka nayo. Chilson alikuwa mmoja wa watatu walioanzisha misheni yao ya Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902, miaka 32 kabla ya kufika Burundi. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na huko hakuna karani ambaye angelisoma jina hilo vibaya. Upande wetu wa Ngara hawajulikani sana, na hapo ndipo herufi moja kubwa inapokuwa na kazi: "rafiki" ni mtu yeyote mwema, "Rafiki" ni mshiriki wa kanisa. Sisi tungependekeza pia "Waquaker" liwekwe kando ya "Marafiki" mara ya kwanza jina linapotajwa.

Tena, kwa desturi yao ya asili, Marafiki hawabatizi kwa maji. Wanaamini kwamba ubatizo ni wa Roho, wala hauhitaji chombo. Kwa hiyo hata kama karani angeandika Kibimba iliyo sahihi, swali lake la namba ya ubatizo lisingepata jibu, na kijana angezidi kuonekana mwongo. Fomu ile ilikuwa imetungwa na mtu aliyedhani kwamba Wakristo wote wanapitia mlango mmoja.

Tuliiandika tafsiri upya: "mshiriki wa Kanisa la Kiinjili la Marafiki (Waquaker), Kibimba, nchini Burundi". Chini yake tuliongeza maelezo ya mistari mitatu kuhusu kanisa hilo na desturi yake. Karani alitaka kujua aandike nini katika nafasi ya namba. Tulimshauri apige mstari, na pembeni aandike kwa mkono: "Kanisa lake halibatizi kwa maji, tazama barua." Baba wa binti aliisoma karatasi hiyo mara mbili, akauliza kama watu hao humwamini Yesu. Akaambiwa ndiyo. Akauliza tena kama ni Yesu au Yezu.